Waya Unaosema na Waya Unaosikiliza

Hotuba kwa mafundi wanafunzi wa mawasiliano, asubuhi ya kuanza wiki ya vitendo

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mlioamka alfajiri kuja kutusikiliza, na ninyi wanangu mliovaa ovaroli mpya leo. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya kufunga na kuunganisha kadi za siriali, zile zinazopitisha taarifa alama moja baada ya nyingine, kwenye mitambo ya simu. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa na umri kama wenu, na nimekubali kusimama hapa kwa sababu moja: nimeona kadi nyingi nzima zikitupwa. Zinachomolewa kwenye mtambo, zinaandikwa "mbovu" kwa kalamu nyekundu, zinaagizwa nyingine kwa fedha za kigeni. Baadhi ya hizo zilizotupwa niliziomba, nikazipima, nikazikuta hazina hitilafu yoyote. Kosa lilikuwa kwenye waya, au kwenye kifaa kilichofungwa mwisho wa waya. Hilo ndilo nataka muingie nalo karakana.

Tuanze na kujua kadi hii ni ya nini. Mtambo wa PABX, yaani mtambo wa simu za ndani, wa hoteli, hospitali au bandari hukaa kwenye chumba chake, umefungiwa, feni zinavuma, betri za volti 48 ziko pembeni. Unaunganisha simu mia tano za ndani na hauna kioo wala kibodi. Ukitaka kuuuliza kitu, au ukitaka wenyewe ukwambie kitu, mlango ni mmoja: poti ya siriali. Hapo ndipo fundi anapounganisha kompyuta yake akaandika amri. Hapo ndipo zinapotoka kumbukumbu za simu zilizopigwa, nani kapiga wapi na kwa dakika ngapi, ambazo hoteli inazihitaji kumwandikia mgeni bili. Hapo pia ndipo modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, inapofungwa ili fundi aliye mbali aweze kuingia.

Na kadi hii ikifa, simu haziachi kulia. Opereta yuko kazini, wageni wanapiga nyumbani, meneja hana habari. Mtambo umekuwa bubu na hakuna anayejua, mpaka siku hesabu zinapotakiwa, au siku mtambo wenyewe unapougua, ukaja na kompyuta yako, ukauliza, ukakosa jibu.

Nitatumia mfano wa mtambo niliouzoea zaidi, Meridian 1 wa Northern Telecom ya Kanada. Ukoo wake unaanzia kwenye SL-1, uliotoka mwaka 1975, nao ulikuwa miongoni mwa mitambo ya kwanza ya ofisi kugeuza sauti kuwa namba. Poti zake za kuzungumza zina namba kuanzia 0 hadi 15, na mtambo huziita TTY, jina lililobaki kutoka enzi za mashine za kuchapa zilizotumia waya wa telegrafu. Kuna kadi ndogo inayoitwa NT8D41, inaingia upande wa nyuma wa kabati na kukupa poti mbili. Kuna QPC841 inayokupa nne. Mitambo ya kampuni nyingine ina kadi zake, majina tofauti, lakini ukifika kwenye tundu la pini 25 wote wanafuata kanuni moja, RS-232, iliyoanza mwaka 1960. Toleo la C, ambalo ndilo mtakutana nalo kwenye vitabu vya mitambo hii, ni la mwaka 1969.

Kufunga kadi yenyewe hakuchukui muda, na sitawachosha nako. Kabla ya kugusa chochote uliza mtambo una poti zipi tayari. Kwenye Meridian programu ya 22 itakuchapia orodha nzima. Ukipanga swichi ndogo za kadi mpya kwa namba ambayo tayari ina mwenyewe, umewagombanisha wapangaji wawili kwenye chumba kimoja. Vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli na uufunge kwenye kabati. Tanga na Dar es Salaam hewa nzito ya bahari inakusaidia kidogo, lakini nenda Dodoma mwezi wa Agosti, au ingia tu kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachokausha hewa mchana na usiku, utaona cheche ukigusa kitasa cha mlango. Cheche hiyo unayoihisi kidoleni ni kubwa mno kwa kijisehemu cha kadi. Isukume kadi kwa mikono miwili, polepole, na ikikataa usiilazimishe. Itoe, chukua tochi, angalia ndani. Pini moja ikipinda kwenye ubao wa nyuma umeiua nafasi ile, na ubao wa nyuma hauagizwi kirahisi kama kadi.

Halafu programu ya 17 uiandikishe, programu ya 37 uiamshe, na taa nyekundu ikizimika kadi iko kazini. Na tafadhali, wanangu, programu ya 43: hifadhi. Mabadiliko uliyoandika yako kwenye kumbukumbu inayofutika. Usipohifadhi, siku umeme utakapokatika na betri zikaisha, mtambo utaamka umesahau kwamba uliwahi kuja.

Sasa waya.

Kanuni ya RS-232 inagawa vifaa vyote duniani makundi mawili. Kuna DTE, vifaa vya mwisho wa data, kama kompyuta, printa na kioo cha kuandikia. Kuna DCE, vifaa vya kusafirisha data, kama modemu. Wote wana pini ya 2 na pini ya 3, na wote wana pini ya 7 ambayo ni msingi wa kupimia. Pini ya 2 imepewa jina la "kutuma" na pini ya 3 jina la "kupokea". Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu majina hayo yametolewa kwa mtazamo wa DTE peke yake. Kwenye modemu, pini inayoitwa ya kutuma ndiyo modemu inayosikilizia! Kwa hiyo kompyuta na modemu unaziunga moja kwa moja, 2 kwa 2, 3 kwa 3, mdomo unakutana na sikio. Lakini kompyuta na kompyuta, au mtambo uliopangwa kama DTE na printa ambayo nayo ni DTE, ukiunga moja kwa moja umeweka mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Wote wanasema, hakuna anayesikia. Hapo lazima uvuke nyaya, 2 iende 3 na 3 iende 2.

Kadi za siriali nyingi za PABX zina swichi za kuchagua ziwe DTE au DCE. Maana yake huwezi kuangalia umbo la tundu ukajua. Kitabu kinaweza kusema hivi na fundi aliyekutangulia akawa alipanga vile. Basi acha kukisia, shika mita.

Nielekezeeni macho, maana hili nitawadai mchana. Weka mita kwenye volti za DC. Kebo isiwe imefungwa, pima kwenye tundu la kifaa chenyewe kikiwa kimewashwa. Ncha nyeusi pini ya 7. Ncha nyekundu pini ya 2, soma. Ncha nyekundu pini ya 3, soma. Waya unaosema, hata ukiwa hauna la kusema, hukaa kwenye hasi: utaona hasi 8, hasi 10, pengine hasi 12. Huo ndio ukimya wa RS-232, ukimya wenye umeme. Waya unaosikiliza utakuonyesha sifuri au karibu yake, kwa sababu unangoja kulishwa na mwenzake. Basi, umeshajua. Pini yenye hasi ndiyo mdomo. Nenda upande wa pili ukapime vilevile. Kama mdomo uko pini ya 2 pande zote mbili, kebo yako inavuka. Kama upande mmoja ni pini ya 2 na mwingine ni pini ya 3, inanyooka. Dakika moja, na hukufungua kitabu. Kwenye tundu la pini 9 la kompyuta kumbuka mambo yamehama: msingi ni pini ya 5, na kompyuta inasema kwa pini ya 3.

Na kama pande zote mbili hazionyeshi hasi popote? Hapo sasa ndipo una haki ya kuanza kuishuku kadi.

Niwasimulie kisa kilichonifundisha. Mwaka 1996, nikiwa bado msaidizi, tulikwenda kufunga kadi ya siriali kwenye hoteli moja ya ufukweni. Jina lake nalihifadhi. Siku hiyohiyo hoteli ilikuwa imenunua printa mpya ya bili. Tukafunga kadi, tukaunga kebo, tukaamsha poti, karatasi ikaanza kutoka. Lakini maandishi yalikuwa nusu ya Kiswahili cha namba na nusu ya wadudu: herufi zenye nukta juu, alama za sarafu, mistari. Mhasibu akaishika karatasi kwa vidole viwili. Akasema, "Mafundi, jana ilikuwa inachapa vizuri." Mimi nikawa tayari nimeshika bisibisi. Kadi ni mpya, tatizo ni jipya, kwa hiyo kadi ni mbovu. Ndivyo nilivyowaza.

Mzee wangu wa kazi akaniambia, "Keti. Chukua penseli." Akanitaka niandike namba zipi zinatoka sawa na zipi zinaharibika. Nikaona ananichelewesha. Nikaandika. Chumba 305 kilikuwa kinatoka safi, kila mara. Chumba 214 hakikutoka hata tarakimu moja. Nikaendelea: 0, 3, 5, 6 na 9 zilikuwa nzima. 1, 2, 4, 7 na 8 zilikuwa zimeharibika. Zilezile, ukurasa baada ya ukurasa.

Mzee akauliza, "Kadi mbovu inachagua?"

Akageuza karatasi akaniandikia kila tarakimu kwa biti zake, yaani zile sifuri na moja zinazopita kwenye waya. Tarakimu sifuri ina biti mbili za moja ndani yake. Tatu ina nne, tano nne, sita nne, tisa nne. Zote shufwa. Moja ina tatu, mbili tatu, nne tatu, nane tatu, saba tano. Zote witiri. Mtambo ulikuwa umepangwa kutuma biti saba na ya nane iwe ya ukaguzi, ikijazwa ili jumla iwe shufwa daima. Tarakimu ambayo tayari ni shufwa, biti ya ukaguzi inabaki sifuri, printa inaisoma sawa. Tarakimu ya witiri inaongezewa moja, na ile printa mpya, iliyotoka kiwandani ikiwa imepangwa kupokea biti nane zote kama herufi, ilikuwa inaihesabu hiyo moja kama sehemu ya herufi. Ndiyo maana wadudu. Tulifungua kifuniko cha printa, tukasogeza swichi mbili ndogo kwa ncha ya kalamu, chumba 214 kikatoka. Kadi haikuguswa.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu kina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba hitilafu yenye mpangilio haitoki kwenye kadi iliyoungua. Inatoka kwa watu wawili waliopatana kuongea bila kupatana lugha. Kama kila kitu ni takataka, shuku kasi: mmoja anatuma biti 9,600 kwa sekunde na mwingine anasoma 1,200. Kama nusu ni sawa na nusu si sawa, hesabu shufwa na witiri. La pili ni kwamba siku ile vilibadilishwa vitu viwili kwa pamoja, kadi na printa, na macho yote yakaenda kwenye kadi kwa kuwa ndiyo iliyoletwa na fundi. Mkiweza, badilisheni kimoja, mjaribu, ndipo mbadilishe kingine. Mwenye mali akiwa na haraka, mweleze kwa heshima, ataelewa.

Kuna pini nyingine ambazo wengi wenu mtafundishwa kuzidanganya. Mtambo hautumi kitu mpaka uone ishara kwamba mwenzake yupo na yuko tayari. Kifaa kisipoileta ishara hiyo, mafundi hufunga pini ya 4 na 5 pamoja, na 6, 8 na 20 pamoja, ili mtambo ujijibu wenyewe. Kwa kompyuta ya fundi hilo nalikubali, nimelifanya mara nyingi. Kwa printa sikubaliani nalo kabisa. Karatasi ikiisha saa nane usiku, printa inajaribu kuuambia mtambo "subiri", na wewe umeshaukata ule waya wa kusema subiri. Mtambo unaendelea kumwaga kumbukumbu za simu mahali ambapo hakuna anayezipokea, na asubuhi hoteli ina wageni waliopiga simu za nje na haina karatasi ya kuwadai.

Kwa modemu ni hatari zaidi. Fundi wa mbali ameingia mtamboni kwa nywila yake, laini ikakatika kabla hajatoka. Pini ya 8 ndiyo inayouambia mtambo kwamba laini imeanguka, ili umfunge nje. Ukiwa umeifunga kwa pini nyingine, mtambo hautajua kamwe. Mtu wa pili atakayepiga namba ile, awe nani, atakuta mlango uko wazi na mwenye nyumba hayupo. Wizi wa simu kupitia PABX unajulikana dunia nzima: mgeni anaingia, anajifungulia njia ya kupiga nje ya nchi, na bili inakuja kwa mwenye mtambo. Unaunga waya mmoja wa sentimita tano, na unamfungulia mwizi.

Niseme na umbali, kisha niwaache. RS-232-C inakupa mita 15. Najua mtu atanyanyua mkono aseme aliwahi kwenda mita 60 na ikafanya kazi. Kweli, kwa kasi ndogo na kebo nzuri inakwenda. Ila swali kubwa zaidi ni kama kebo yako inatoka jengo moja kwenda jengo jingine. Nilishuhudia Kanda ya Ziwa, ambako ngurumo hazina msimu wa kupumzika: kebo ilipitishwa juu, kutoka chumba cha mtambo hadi ofisi ya uhasibu ng'ambo ya uwanja. Kila jengo lilikuwa na ethi yake, yaani waya wake wa ardhini. Radi ilipiga karibu, haikupiga kebo yenyewe, lakini ethi za majengo mawili zikapishana kwa volti nyingi sana kwa kitambo kidogo, na njia pekee iliyoziunga ilikuwa pini ya 7. Hapo kadi ilikufa kweli. Kile kijisehemu cha kupokea, 1489, kilikuwa na tundu dogo juu yake kama kichwa cha sindano, na kando yake 1488 ya kutuma ilikuwa imepasuka. Chumba kikanuka bakelaiti iliyoungua. Nilisikitika, kwa sababu jozi ya modemu za masafa mafupi zenye transfoma ndani zingeyatenga majengo yale mawili, na hazikuwa ghali kama kadi. Ndani ya jengo moja, unga ngao ya kebo kwenye ethi upande mmoja tu, upande wa mtambo, usiifanye kebo ya data kuwa njia ya umeme kutafutia ardhi.

Kuna mwalimu aliniuliza jana, kwa upole, kama elimu hii bado ina kazi. Northern Telecom ilikuja kuitwa Nortel, na Nortel ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake Januari 2009. Kitengo chake cha simu za ofisi kikanunuliwa na Avaya mwaka huohuo. Kwa hiyo ndiyo, kadi za aina ile mtazikuta kwenye mitambo iliyozeeka, na mitambo hiyo bado ipo kwa sababu bado inalia. Lakini fungueni swichi ya mtandao ya Cisco iliyonunuliwa juzi, pembeni ina tundu la kompyuta ya fundi, na ukiliuliza linataka biti 9,600 kwa sekunde, biti nane, bila pariti, yaani bila ile biti ya ukaguzi. Pampu za maji, jenereta na vidhibiti vya viwandani vina poti hizihizi. Siku mtandao umeanguka na huwezi kuingia kwa njia nyingine yoyote, utarudi kwenye nyaya tatu: unaosema, unaosikiliza, na msingi.

Ombi langu la mwisho kwenu ni la karatasi. Ukimaliza kufunga, andika kwenye kipande cha gundi namba ya poti, kasi, biti, pariti, na kama kebo inavuka au inanyooka. Bandika kwenye kebo, pande zote mbili, ndani ya kabati na nje. Andika na tarehe. Nimewahi kufungua kabati baada ya miaka 11 nikakuta maandishi yangu mwenyewe, wino umefifia lakini yanasomeka, na kazi ya siku nzima ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Sasa tuingie karakana. Mezani kuna kebo nane. Sijaziwekea lebo, kwa makusudi, na mbili kati yake nimezikata waya mmoja ndani. Kila watu wawili wana mita moja. Ncha nyeusi pini ya 7.